Gabrieli Lupakisyo, na Neno Lake Kuhusu Fausta

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Gabrieli tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 katika kambi ya mkonge Kimamba, wilayani Kilosa. Baba yake, mzee Lupakisyo, alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge. Mama yake alikuwa mwenyeji wa Masanze. Watoto waliokua ni wawili tu, Gabrieli na mdogo wake, Fausta.

Alisoma hapohapo Kimamba, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Hesabu alizimudu sana. Kuimba kulimshinda, ingawa kwaya ilimvumilia miaka yote.

Mwaka 1971 aliajiriwa shambani kama karani wa mizani. Kazi zilipopunguzwa mwaka 1987 hakukaa kulia. Alihamia Mikumi, akaanza kuziba pancha za malori kando ya barabara kuu, na biashara ilipokuwa ruksa akafungua duka la spea. Madereva wa njia ya Iringa walimwita Fundi Gebo.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Hildegarda, parokiani Kilosa, wakajaliwa watoto watatu.

Miaka ya karibuni alisifiwa kwa adabu. Kutoka dukani kwake hadi kanisani ni kupanda, naye alisimama kila nyumba, akaamkia wazee, akauliza habari za mbuzi mmoja mmoja. Jirani yake mfugaji, mzee Lekishon, alimtania: “Huyu siku moja atauamkia hata mlango!” Tukacheka. Kumbe mwenzetu alikuwa anatafuta pumzi, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mwaka 2002 tumbo lilianza kujaa maji, akatapika damu. Madaktari Dar es Salaam walikuta ini limesinyaa, wakasema dawa pekee ni kupandikizwa jingine, nako ni India. Fausta alisema siku hiyohiyo: “Langu lipo. Wakate wanapotaka.” Akapimwa, akafaa.

Walisafiri tarehe 9 Februari 2004. Huko kila anayesubiri ini hupimwa kwanza moyo na mapafu. Daktari aliuliza kupitia mkalimani kama akipanda ngazi anakosa pumzi. Gabrieli akajibu, “Mimi? Hapana kabisa.” Aliogopa wangemrudisha. Lakini mashine haina aibu. Picha ya moyo ilionyesha tatizo. Wakapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi moyoni, wakakuta presha kwenye mishipa ya mapafu iko juu mno. Daktari alieleza kwamba ini bovu huweza kuleta hali hiyo, na mgonjwa wa namna hiyo akipasuliwa, moyo unaweza kusimama palepale mezani.

Fausta alipiga magoti. “Nikateni tu, tujaribu!”

“Mama,” daktari akasema, “nikikukata leo, kesho utarudi na jeneza.”

Walimpa dawa za kushusha presha hiyo, wakamwambia arudi baada ya miezi sita wapime tena.

Na hapa, jamani, tusikilizane. Waliporudi, watu waliuliza mbona hakupasuliwa. Gabrieli akajibu neno moja: “Imeshindikana.” Basi maneno yakaanza, kuanzia stendi ya Mikumi mpaka Kisanga alikoolewa Fausta. Oo, dada kaogopa kisu. Oo, kamnyima kaka yake. Fausta akifika mashineni kusaga, wenzake wananyamaza. Wengine mpo hapa. Gabrieli aliyasikia hayo yote, akanyamaza, kwa kuwa aliona haya kusema alivyoficha kukosa pumzi kwake miaka minne. Fausta naye alinyamaza ili kumstiri.

Wiki moja kabla ya kufariki, Gabrieli alimwita Fausta. “Nimekuacha ubebe jina baya, mdogo wangu.”

“Kaka, achana nayo. Watachoka wenyewe.”

“Hapana. Siku ya kunizika neno hili lisomwe mbele ya watu wote, wala msinipambe.” Mwanawe Theodory akaandika, na ndilo linalosomwa.

Presha haikushuka hata baada ya ile miezi sita. Alifariki nyumbani Mikumi, Jumapili tarehe 17 Oktoba 2004, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Hildegarda.

Ameacha mjane, Hildegarda, watoto watatu, Theodory, Magreth na Lea, wajukuu wanne, na mdogo wake, Fausta, ambaye ini lake ni zima hadi leo kwa sababu daktari alikataa kulikata, si kwa sababu yeye alikataa kulitoa.

Tumelisoma, Gabrieli. Sasa pumzika.