Aiskrimu Iliyonuka Pweza

Kwenye baraza ya mtaa wa Kiponda, baada ya alasiri, kahawa ya mchuuzi Mmanga ilipita mikononi mwa watu walioitatua kila shida ya dunia isipokuwa zao. Alikuwepo Ami Matar, aitwaye Jaji kwa kuhukumu kabla ya kusikiliza, na Amour Satelaiti, anayeona mpaka visivyokuwepo. Wa tatu ni Himid. Walimbandika jina la Digrii siku aliyorudi na shahada ya sayansi ya chakula. Wakati ule lilikuwa tamu, sasa limekuwa tusi. Ndio kwanza karudi kutoka Jambiani, kibox cha barafu mapajani. Hoteli ya huko ilitaka mtu wa aiskrimu, na kila mwombaji aende na ya nanaa yenye vipande vya chokoleti, aliyoitengeneza kwao mwenyewe. Mpishi mkuu alionja kijiko kimoja, akauliza kama ni ya samaki, kisha akasema, "Thank you for coming." Kazi ikapewa mwengine pale pale.

— Mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto, alisema Jaji. Ulichelewa kuwapa.

— Aiskrimu, Ami Matar! Moto wa nini?

— Methali haichagui chakula.

— Hebu twambie ulivyotia, alisema Satelaiti.

— Nanaa mbichi ya Darajani, nimeiloweka kwenye maziwa ya moto, nikachuja. Malai ya maziwa, sukari, viini vya mayai. Chokoleti nimeikata kwa kisu. Mashine sina, so kila ikianza kuganda naitoa, naipiga kwa uma, nairudisha. Mkono hauinuki! Samaki kaingilia wapi? Explain to me!

— Friza je? aliuliza Mmanga, akimimina.

— Yetu imekufa. Niliweka kwa Bi Mashavu, kama mtaa mzima. Lakini nilifunika. Airtight! Somo la kuhifadhi chakula nilipata A, bwana.

— Basi maziwa hayo, alisema Satelaiti. Ng'ombe wa Chwaka wanakula mwani. Ng'ombe akishakula mwani, nusu yake samaki.

— Nusu ipi?

— Hiyo iliyotoa maziwa yako.

— Hapana, alikata Jaji. Husda. Washakuwa na mtu wao, wakatia dawa kwenye kijiko. Akiba haiozi.

— Akiba imeingiaje hapo?

— Imeingia.

— Kijiko kitu kidogo, alisema Satelaiti, akishusha sauti. Kuna mtambo chini ya bahari. Unavuta harufu zetu nzuri kupeleka Ulaya, sisi tunaachiwa shombo. Karafuu za siku hizi zinanukia?

— Ya Rabbi! Na mie nimesoma kote kule, nije nisikie haya.

Moyoni Himid alikuwa anamwona mama yake, aliyekwisha kuitangaza ile kazi mpaka kwa wauza ubuyu. Hajaingia nyumbani bado. Hajui aanze na neno gani.

Hapo akatokea Bi Mashavu, kashika kitu kinachotona maji.

— Shikamoo, Bi Mashavu.

— Marahaba, mwanangu. Hichi kifuniko cha nani? Nimekikuta kwenye friza, kimefunika bakuli la pweza.

Himid alikipokea. Plastiki ya buluu, na mwandiko wake mwenyewe: KAZI YA HIMID. USIFUNGUE.

— Changu. Leo alfajiri, kwa haraka, nimehamishia aiskrimu kwenye kibox, hata sikukiulizia.

— Na pweza wa nani?

Satelaiti akakagua kandambili zake. Mmanga akainamisha dele la kahawa. Halikutoa hata tone.

— Jibuni basi, alisema Himid. Mtambo wa chini ya bahari mnaujua, pweza wa friza ya jirani hamumjui? Amour? Ami Matar?

Jaji akainua kikombe chake.

— Haya, alisema Bi Mashavu. Kama hana mwenyewe, usiku nampika kwa nazi.

Jaji akameza funda la mate, na kikombe chake kilikuwa kitupu zamani.