Mwalimu Kinyua, Aliyepiga Vayolini kwa Pumzi ya Mgonjwa

Padre wetu, wazee, ndugu na majirani, pamoja nanyi mliotoka Embu kabla jua halijachomoza, historia hii inasomwa na Mukiri, ndugu mdogo wa mjane, kwa niaba ya familia, naye ameonywa na dada yake Ciakuthii asiongeze chumvi, ila ameruhusiwa kucheka panapochekesha, kwa kuwa marehemu mwenyewe hangekubali kusindikizwa na nyuso zilizokunjamana.

Festus Kinyua Kaberia alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 hapa hapa Kiirua, kitinda mimba wa marehemu mzee Kaberia na marehemu mama Kendi. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1968 hadi 1974, na ya upili mjini Meru hadi 1978, na katika likizo moja, akifagia stoo ya misheni, alikuta vayolini iliyokatika nyuzi mbili, padre mzee akamwambia akiweza kuiimbisha ni yake, basi akaiimbisha, ng'ombe wa baba yake wakashinda njaa, naye akala viboko vyake bila kuiachilia.

Alihitimu ualimu mwaka 1981, akafundisha Nkubu, kisha akarudi masomoni Nairobi kusomea muziki, akahitimu 1991, na aliporudi Nkubu alianza kutunga muziki wa watu wanne, vayolini mbili, viola moja, na selo, ile kubwa inayobanwa kwa magoti kama mtu anayekama ng'ombe. Muziki huo haukuwa na maneno wala ngoma, na mwendo wake haukupangwa na mpigaji, bali wote wanne walitazama kifua cha mgonjwa aliyelala mbele yao, akivuta pumzi upinde unapanda, akiishusha upinde unashuka, akikohoa wanamngoja. Mwalimu hakudai kuponya mtu, jamani, alisema kila siku kwamba dawa ni za daktari, na kwamba kazi ya nyuzi ni kumkumbusha mgonjwa kuwa mwili wake bado ni wake.

Mwezi wa Juni 1993 yeye na wenzake watatu walikaribishwa kupiga katika wodi ya wanawake ya hospitali moja huku Meru, na kitanda cha kwanza kilikuwa cha Ciakuthii, msichana wa Nkubu aliyelazwa kwa nimonia. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, baba yetu mdogo, Mzee Riungu, alisimama nje ya mlango, akasikia muziki wa taratibu usio na makofi, na kwa kuwa kwetu muziki wa namna hiyo ulijulikana kwa kazi moja tu, kutoa jeneza kanisani, alikata shauri kwamba mtoto amekwenda, akageuka bila hata kuchungulia, na kabla ya giza hema lilikuwa limesimama Nkubu, dume limechinjwa, na akina mama wa kanisa wanaponda mukimo wa viazi na mahindi huku wanalia. Wakati huo marehemu huyo wao alikuwa anakunywa uji, akimuuliza muuguzi kwa hasira yule kijana wa vayolini ana adabu gani, mbona anamkodolea macho kifuani.

Kesho yake wazee walikuja na blanketi kuuchukua mwili, wakaukuta umekaa kitandani unasukwa nywele. Loo! Nyama ilikwisha kuchinjwa, haikurudi kwa ng'ombe, kwa hiyo Ciakuthii aliporuhusiwa kwenda nyumbani ikaliwa supu ya shukrani, na Mwalimu akaitwa ajieleze, akajieleza vizuri kupita kiasi, maana waliandikisha ndoa yao kanisani Nkubu tarehe 22 Aprili 1995. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kendi, aliyepewa jina la nyanya yake, na Kaberia, aliyepewa la babu.

Mwaka 1996 alihamishiwa Embu, akajenga nyumba huko huko katika mtaa wa Dallas, na kwenye veranda yake vijana wengi walijifunza kushika upinde, akiwemo Asmaa, binti wa jirani Mzee Khalifa mwenye bucha, ambaye alilalamika mwaka mzima kwamba kelele zinafukuza wateja, kisha akawa ndiye anayeuliza mbona leo kumenyamaza. Mwalimu alistaafu 2021, lakini wodini hakustaafu.

Januari 2024 alianza kuishiwa na pumzi akipanda ngazi, madaktari wakaona moyo umepanuka. Hapo ndipo Ciakuthii alipokataa katakata muziki ule upigwe karibu na kitanda cha mumewe, kwani yeye ulimkuta anapona, na aliogopa kwamba ukipigwa kwa pumzi inayopungua, Mzee Riungu atakuwa alisema kweli tangu mwanzo. Mwalimu aliomba, mkewe akamkatalia, akatania kwamba anadai supu yake, mkewe akamkatalia tena, na waliokuwa karibu wanajua mke huyo alivyokuwa akilia jikoni baada ya kumkatalia.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, baada ya chakula cha mchana, Ciakuthii mwenyewe ndiye aliyewaita hospitalini, Kendi na selo, Njue na viola, Sheila na Asmaa na vayolini, wote wanafunzi wa veranda ile, akaketi akiushika mkono wa mumewe, nao wakapiga wakifuata kifua chake, taratibu, taratibu zaidi, naye alitabasamu, na kabla ya saa kumi kifua kilitulia. Pinde zilibaki hewani, ndipo Ciakuthii alipovuta pumzi, ndefu, ya kilio, Kendi akamtazama mama yake kifuani, akaushusha upinde, na wote wakamfuata mama mpaka kilio chake kilipotulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia selo katikati ya njia, majirani wa Dallas, Mzee Khalifa aliyeleta nyama ya leo bila kuombwa, walimu wenzake wa Nkubu na Embu, naye Mzee Riungu, ambaye ana miaka themanini na miwili na ameketi hapa mbele, anaombwa muziki ukianza asikimbie, safari hii ni kweli.

Wale wanne wako tayari, nao wamemkabili Ciakuthii, kwa hiyo tusiharakishe, tumngoje avute pumzi. Pumzika kwa amani, Mwalimu, mkeo bado anapumua, na wimbo wako haujaisha.