Rudia na Daftari Lake la Kamba

Aliyelitoa lile daftari mezani mnarani akalitupa kwenye boksi la waya mbovu, aone haya kwanza, mengine baadaye. Mtu hajarudisha hata kitambulisho cha mlangoni, mmeshaanza kufagia nyayo zake! Ameutumikia uwanja huu miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Anastaafu kesho Ijumaa, tarehe thelathini, saa kumi jioni, na mpaka saa kumi hiyo ifike yeye bado ni mwongoza ndege mkuu. Mnanisikia?

Mhariri wa jarida hili aliniomba mistari minne, kwa sababu mimi ndiye niliyemmiminia mstaafu wetu chai kuliko mtu yeyote. Mistari minne inatosha tangazo la mwavuli uliopotea. Mtu huyu si mwavuli. Nitaandika mpaka niishie, na asiyetaka aruke ukurasa akasome ratiba ya zamu.

Wote mnamwita Rudia, na wapo miongoni mwenu wasiolijua jina lake la kwenye cheti. Alianza kazi chini, juani, akiwapungia marubani vijiti vya rangi ya machungwa wajue pa kuegesha. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba siku za upepo tulimtania kuwa ataondoka na ndege bila tiketi. Mtihani wa kupanda mnarani aliufeli mara mbili. Mara ya tatu akaufaulu, akazipanda ngazi zote tisini na sita mbio, akafika juu hana pumzi ya kutaja hata jina lake. Ndege yake ya kwanza iliongozwa na mwenzake.

Jina la Rudia alilipata kwa kazi. Mwongoza ndege akitoa agizo, rubani hulirudia neno kwa neno, ili ijulikane kwamba kilichosemwa ndicho kilichosikika. Wengine desturi hiyo huivua pamoja na vipokea sauti. Yeye aliibeba mpaka nyumbani. Mkewe akimtuma sabuni na vitunguu, humrudishia orodha nzima kabla hajavaa viatu. Siku ya harusi yao alimwomba mfungisha ndoa arudie swali, ukumbi mzima ukadhani bwana harusi ameghairi. Mama mkwe wake hajamsamehe mpaka leo, na huyo mama tutamkuta mbele.

Hata kwangu kibandani, akishaagiza chai moja, kijiko kimoja, tangawizi hapana, alisimama palepale akingoja nirudie. Nilikataa miezi miwili. Nilimwambia mimi si rubani. Kisha asubuhi moja nikampelekea mpima hali ya hewa, mtu mwenye kisukari, chai ya vijiko vitatu iliyokuwa ya mwingine. Alionja akatema, tukacheka, lakini mchana kutwa nilijiuliza, je, angeimeza? Tangu siku hiyo narudia.

Sasa habari ya daftari. Vijana wengi mmelikuta tu mezani mkadhani ni mali ya ofisi, kama stepla. Mwaka wa tisa wa Rudia mnarani, mkewe alijifungua mapacha, kwa taabu kubwa. Siku mbili baba wa watu hakufumba jicho. Akaja zamu hivyohivyo, hakumwambia mtu, maana enzi zile hapa kusema umechoka ilikuwa ni kutangaza uvivu. Mchana kweupe akairuhusu ndege ndogo ya vifurushi itue, na trekta la kukata nyasi liko katikati ya njia. Rubani, mwanamama mwenye macho ya mwewe, akasema kwa upole, "Mnara, naona trekta. Na nyinyi mnaliona?" Akaipandisha ndege, akazunguka, akatua salama njia ilipokuwa tupu. Dereva wa trekta hakugeuza hata shingo.

Angeweza kunyamaza. Rubani alikuwa tayari kuyasahau, na mwenzake wa zamu alikuwa msalani. Badala yake alishuka kibandani uso umemsawajika, akatoa daftari la shule alilomnunulia binti yake mkubwa, akaandika yote: saa, trekta, mapacha, macho yaliyokuwa yakimwasha. Akalipeleka mwenyewe kwa mkuu wa wakati ule. Akasimamishwa kazi wiki mbili. Nilimwambia, wewe mdogo wangu ni mjinga, tangu lini kuku akajipeleka jikoni? Akanijibu, "Dada, hilo trekta litakuwepo na kesho."

Aliporudi alilifunga daftari kwa kamba kwenye mguu wa meza, akaweka sheria. Anayekosea aandike mwenyewe, bila jina, aandike na kilichomfanya akosee. Akimaliza ashuke anywe chai, na mmimina chai asimgombeze. Mnaona uonevu huo? Nyinyi mnakosa, ulimi unaofungwa kamba ni wangu! Miaka kumi na minane nimemeza maneno, mengine bado yamenikwama hapa kooni. Wakubwa walilipinga daftari mwaka mzima. Kisha redio iliyokuwa ikikwaruza ikabadilishwa kwa sababu watu sita waliiandika, zamu ya alfajiri ikaongezewa mtu, makosa yaleyale yakaacha kujirudia, na wakubwa wakaanza kulisifu kana kwamba walilizaa wao.

Mwaka jana zikaja zile ndege ndogo za umeme. Viti vinne, rubani hakuna. Zinajiendesha, na mnarani kumewekwa kiti cha mtu mmoja wa kuzitazama, azizuie zikienda kombo. Wakazi wanaopakana na uwanja wakasema hakipiti kitu juu ya mabati yetu. Mkutano ukaitwa kwenye ukumbi wa shule. Wakubwa wakaja na picha kubwa ukutani: mwanamke anacheka mawinguni, meno tele. Mama mkwe wa Rudia, fundi cherehani, aliketi safu ya mbele, mkoba mapajani.

"Hiyo ndege ikikosea," akauliza, "nimgombeze nani?"

Mkurugenzi akamweleza kwamba ndege ina akili tatu za kompyuta, moja ikipotea mbili huirudisha njiani.

"Marehemu mume wangu alikuwa na akili moja tu, lakini nilijua pa kumpata."

Ukumbi ukalipuka. Mwingine akapaza sauti kwamba hata punda ana mwenyewe. Watu wakaanza kusimama, wanakusanya watoto wao waondoke, na mradi wote ulikuwa unatoka nao mlangoni.

Ndipo Rudia alipoinuka kutoka nyuma. Alimwinamia mama mkwe wake kwanza, akamwamkia, maana adabu ni adabu. Kisha akafungua daftari akasoma. La kwanza lake mwenyewe, la trekta. Halafu la pili, la tatu, mpaka kumi na moja. Mkurugenzi alimkonyeza, akamkoholea, akamkanyaga kidole cha mguu. Wapi! Alipomaliza akasema, "Sisi watu hukosea, na mashine hizi tumeziunda sisi. Siwaahidi kwamba hazitakosea. Nawaahidi hamtafichwa."

Waliosimama wakakaa. Na maswali ya kweli ndiyo yakaanza, mpaka mlinzi wa shule akaja kutingisha funguo. Wakazi wakatoa masharti yao: ndege zisipite juu ya zahanati, kile kiti cha mnarani kisiwe kitupu hata dakika moja, na kila miezi mitatu daftari lisomwe mbele yao, ukumbi uleule. Mikono ikainuliwa, na wangu ukiwemo, kwani mimi naishi chini ya njia ya ndege hizohizo.

Siku ya safari ya kwanza viti vilikuwa vinne na abiria hakuna. Waandishi wa habari walijaa, kila mmoja na udhuru wake: huyu ana kizunguzungu, huyu ameacha gari pabaya. Akatokea mama mkwe na mkoba wake. Alikuwa na sharti moja, mkwe wake akae kwenye kile kiti na azungumze naye njia nzima. Safari ni ya dakika tisa. Mama alianza na lile swali la harusini, akaja kwa mapacha wasiochana nywele, akamalizia na bati la jikoni kwake lililotoboka, ambalo sasa aliliona vizuri kutoka juu. Rudia kazi yake ndiyo mama, ndiyo mama. Ndege ilipoanza kushuka akamwambia, "Mama, kaza mkanda."

Kisha tukamsikia sote kwenye spika: "Nakaza mkanda."

Mnara mzima ulishangilia, na mtu mzima mmoja akafuta macho kwa tai. Wiki iliyofuata foleni ya kupanda ilizunguka uzio.

Haya. Nimeambiwa sababu ya kuliondoa daftari ni kwamba mashine sasa inarekodi kila kitu yenyewe. Mwanangu, mashine itarekodi kwamba kitufe kilibonyezwa sekunde nne baada ya wakati wake. Haitarekodi kwamba mbonyezaji ana mtoto mgonjwa nyumbani, wala kwamba alimwogopa mkubwa wake akasita kuuliza. Na Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya kusoma ukumbini, ya kwanza bila Rudia. Mama mkwe ataketi palepale, mkoba mapajani. Nendeni na makaratasi ya kompyuta muone. Mikono iliyoinuliwa itashushwa, na wangu utakuwa wa kwanza.

Na wewe uliyelitoa, sikiliza vizuri. Daftari halina majina, lakini chai nilimimina mimi. Ukurasa wa arobaini na moja naujua, na kikombe chake nakikumbuka. Sitasema umeandikwa nini, sheria ni sheria. Ila bila ukurasa ule ungefukuzwa, usingekuwa leo na ofisi yenye zulia.

Rudia, mdogo wangu, asante. Umetufundisha kwamba kukiri hakuui mtu, na mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipoona kwa macho yangu. Nenda kalale mpaka jua likuamshe. Zibe bati la mama mkwe wako kabla hajapanda tena. Mungu akupe afya, kicheko, na miaka mingi ya kutazama ndege bila kuwajibika nazo. Siku ukipita kunisalimia: chai moja, kijiko kimoja, tangawizi hapana. Umesikia? Nimerudia.

Nyinyi mnaobaki, kesho saa moja asubuhi, kabla hajapanda zile ngazi mara ya mwisho, daftari liwe mezani na kamba yake, mafundo mawili. Aliyelitoa ashike kalamu, aliandike kosa hilo kwenye ukurasa mpya, aandike na kilichomfanya akosee. Akimaliza ashuke kibandani. Chai itakuwa tayari, na sitamgombeza.