Kumi na Tisa wa Darasa la Mwisho

Sikilizeni, wanangu, na mniache niseme mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda tu, haina ya kurudi. Wewe kifungua mimba wangu, zima hiyo simu. Ofisi ya elimu ya wilaya haitaanguka kwa nusu saa, mimi nimeiongoza miaka kumi na minne na haikuanguka hata siku niliyotamani ianguke. Wewe kitinda mimba, mfamasia wangu, acha kunihesabia vidonge, njoo ukae hapa miguuni. Na wewe binti unayeniogesha, usitoke na hilo beseni. Liweke chini. Leo unakaa kwenye kiti kama wao.

Nianze na mali, maana najua masikio ya warithi hayatulii mpaka yasikie mali. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na atakayemburuta mwenzake mahakamani kwa ajili ya matofali asije akalia kaburini kwangu. Kabati la vitabu ni la mfamasia, kwa kuwa ndiye anayesoma; kaka yake anasoma taarifa za ofisi tu, na hizo nazo anaruka kurasa. Usinune, ni kweli. Kiwanja cha nyuma nilitaka kumpa huyu binti, akakikataa, na sababu yake mtaisikia. Ile saa ya ukutani sebuleni, yenye maandishi ya dhahabu yasemayo wilaya yetu ilikuwa ya kwanza, hapewi mtu. Itoeni betri leo hii.

Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki muumbuke mbele ya maiti yangu, bora niumbuke mwenyewe nikiwa na ulimi. Mwaka ule mnaoujua, wilaya ilishika mkia mkoani kwa mara ya pili mfululizo. Sababu nilizijua kama vidole vyangu: darasa moja watoto tisini, kitabu kimoja watoto wanne, walimu wanaolala kwenye stoo za shule kwa kukosa nyumba, na mvua ikinyesha masomo yanasimama kwa sababu bati linapiga kelele kuliko mwalimu. Niliandika barua juu ya hayo yote mpaka katibu wangu akachoka kuzichapa. Majibu hayakuja. Kilichokuja ni mkutano, ambapo mkubwa wa mkoa alinisimamisha ukumbini mbele ya maofisa wenzangu akauliza, "Mama, kule kwako mnafundisha watoto au mnawafuga?" Wakacheka. Wanangu, wakacheka hata wale niliowafundisha kazi. Nilirudi nyumbani, sikula, nikaapa kwamba wilaya yangu haitashika mkia tena hata kwa dawa.

Na dawa nikaipata, tena rahisi mno. Asilimia ya ufaulu inapigwa kwa watoto waliofanya mtihani, haipigwi kwa walioandikishwa shuleni. Ukimwondoa aliye dhaifu, waliobaki wanapanda wenyewe bila mwalimu kuongeza hata chaki moja. Basi nikawaita walimu wakuu, nikafunga mlango, nikawaambia: baada ya mtihani wa majaribio, kila aliye chini ya arobaini mwandikeni kwenye rejista, kwa wino mwekundu, neno moja tu: "Amehama." Mzazi aambiwe atafute shule nyingine. Atafute wapi, na barua ya uhamisho hatumpi? Hilo hatukuliongea. Wazazi wetu walikuwa watu wa heshima, wakiambiwa na mwalimu wanaitikia ndiyo, wanamshika mtoto mkono wanaondoka.

Wakuu wote walitii isipokuwa mmoja, yule mrefu mkavu wa shule iliyopakana na ofisi yangu, tuliyemwita Rula. Mnamkumbuka? Ndiye niliyewakataza msimsalimie njiani, mkadhani alinitukana. Hakunitukana. Alikuja na rejista ya darasa lake la mwisho, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili, akasema, "Mama, hawa watoto nimewaita asubuhi hii na wote wameitika. Siwezi kuandika wamehama na sauti zao bado ziko masikioni mwangu." Nikamwambia atoke. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika mwenyewe, kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko wangu mzuri ule mliokuwa mkiuringia kwa wenzenu. Wiki iliyofuata nikampeleka Rula shule ya mwisho kabisa wilayani, kule barabara inapoishia, na huko akaugua na huko akafa. Mimi nilituma shada la maua, na dereva ndiye aliyelipeleka.

Rejista hiyo iko hapa, chini ya godoro langu. Ndiyo, mfamasia, ndiyo inayokusumbua kila ukitandika shuka. Nimeilalia miaka ishirini na miwili.

Asubuhi baada ya kalamu yangu kuwaandika, wale kumi na tisa walikuja wamevaa sare zao, wakakaa kwenye ukingo wa ukuta nje ya dirisha langu. Hawakulia wala hawakurusha jiwe. Walikaa tu, na mifuko yao mapajani, wakiniangalia nikinywa chai, maana waliambiwa mama wa ofisini ndiye mwenye shule zote, wakafikiri nikiwaona nitawaruhusu warudi. Siku ya pili walikuwa kumi na saba. Wiki ikapita wakawa tisa. Mwishowe akabaki msichana mmoja, na kalamu yake na rula kwenye mfuko wa nailoni, akikaa palepale mpaka siku ya mtihani, akasikia kengele ya kuingia ikilia ng'ambo ya ua, akasimama kwa mazoea, kisha akakaa tena. Nikamwambia katibu avute pazia.

Tukawa wa kwanza mkoani. Nikapewa saa.

Tangu hapo, wanangu, mimi sijaamka peke yangu hata asubuhi moja. Kengele ya shule ya jirani ikilia, nasikia madawati yanaburutwa sebuleni. Nasikia viatu barazani, vingi, vinasimama mlangoni vikingoja kuruhusiwa. Baba yenu, Mungu amrehemu, alidhani nimezoea kuamka mapema kwa sababu ya kazi. Mlikuwa mkinicheka nikiandaa meza, mnasema mama anahesabu sahani kama ana mkutano. Nilikuwa nahesabu mpaka kumi na tisa.

Sasa nifike palipo na mwiba. Kitinda mimba wangu, nitazame. Wewe ulikuwa darasa hilohilo. Ulikuwa namba ishirini na nane kwenye rejista, na mtihani wa majaribio ulipata thelathini na moja. Umesikia, thelathini na moja. Juu yako palikuwa na namba ishirini na saba, mliyekaa naye dawati moja, yeye alipata thelathini na nane. Kalamu yangu ilimwandika yeye, ikafika kwenye mstari wako, ikaruka. Mkuki kwa nguruwe, wanangu, kwa binadamu mchungu. Wewe nilikuletea walimu watatu hapa sebuleni mwezi mmoja, wakakufundisha kwa zamu na vitafunio juu, ukafaulu, na leo watu wanakuita daktari ingawa unauza dawa. Usilie. Ulikuwa mtoto, hukushika kalamu wewe. Nalisema hili ili kaka yako alisikie vizuri: mwezi mmoja. Mtoto wa thelathini na moja hakuwa mjinga, alihitaji mwezi mmoja na mtu wa kumjali.

Wiki tatu zilizopita homa iliponipanda nikaanza kuita namba zile, kama ninavyoziita kila asubuhi moyoni, ila safari hii mdomo ulinisaliti zikatoka kwa sauti. Namba nne, kimya. Namba kumi na moja, kimya. Nilipofika ishirini na saba, mtu akaitika, "Nipo, mwalimu." Nilipiga kelele jirani akaja na ufagio. Nikafumbua macho nikamwona huyu hapa, ana beseni mkononi na taulo begani, machozi yanamtoka lakini uso umetulia. Miaka miwili amenigeuza, amenilisha, amenikata kucha, akinijua mimi ni nani tangu siku ya kwanza, na wewe mfamasia, uliyekaa naye dawati moja, hukumtambua. Nikamwuliza, mwanangu, mbona hukuniambia? Akasema, "Hukuwahi kuniuliza nilisoma wapi, mama."

Lo! Afadhali angenichapa kofi.

Nikampa kiwanja, akasema hakitaki. Nikamwuliza unataka nini basi, akasema anataka ile rejista isomwe mbele za watu, na isemwe kwamba hakuhama. Kaka zake mpaka leo wanamwita mtoro. Mama yake alikufa akiamini binti yake aliikimbia shule.

Kifungua mimba, mbona unaangalia viatu? Inua uso. Jumapili ulikuja hapa umejaa furaha, ukakaa kwenye kiti hichohicho, ukaniambia mwaka huu wilaya itang'ara, na Ijumaa mkubwa wa mkoa anakuja kufungua shule mpya itakayobeba jina langu. Nikakuuliza mmeandikisha wangapi darasa la mwisho, na wangapi watafanya mtihani? Ukacheka ukasema, "Mama, mambo haya si unayajua? Nimefuata nyayo zako." Sitini na watatu pungufu. Sitini na watatu! Watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi sikuwahi kulikataa neno hilo kwa uchungu kama Jumapili ile. Orodha unayo hapo kwenye mfuko wa koti, naiona kona yake, na mtihani uko wiki nne mbele. Mwezi mmoja, baba. Mwezi uleule niliompa dada yako.

Basi amri zangu ni hizi, na huu ndio wosia, mengine yalikuwa maongezi. Ijumaa utasimama jukwaani, utasema mama amekataa jina lake liwekwe kwenye ukuta wa shule. Kama wanataka jina waandike la Rula, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Kisha utamwita huyu binti mbele, yeye ndiye atakayesoma ile rejista, wote kumi na tisa kwa majina yao, na kwa kila mmoja aseme hakuhama. Watakufukuza? Huenda. Nami nitakuwa nimekurithisha aibu badala ya cheo, unisamehe, lakini aibu inaoshwa, na cheo kile kimenikosesha usingizi maisha yangu yote. Na hao sitini na watatu warudi darasani Jumatatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga juu ya vifua vya watoto. Tukishika mkia, tushike. Mkia wenye watoto wote ndani.

Nipe maji... kidogo. Basi, basi.

Mungu awape, wanangu, asubuhi za kimya. Sina baraka kubwa kuliko hiyo. Muamke kengele ikilia msisikie kitu isipokuwa kengele. Msameheane upesi. Na huyu binti msimwite mfanyakazi tena, mwiteni dada, na kwenye kula awe nanyi mezani. Nisaidieni kuinuka. Hivyo. Mto uache.

Madawati yanaburutwa... mnasikia? Hamsikii. Sawa, ni yangu hayo.

Ishirini na saba... Ameitika. Mmemsikia nyote, si homa. Ishirini na nane... Itika, mama, usiogope, ulikuwepo. Eeh. Hivyo.

Sasa wewe, baba. Toa karatasi. Ifungue, ni karatasi tu. Usiniitie namba. Mimi nilikosea kuanzia hapo, niliwaita namba. Soma polepole, sauti yangu imekwisha lakini masikio... masikio yapo. Nataka nijue ni watoto wa nani.

Wa kwanza... anaitwa nani?