Mwanamume Hufuatwa na Nani?

Waliokuwepo kwenye benchi la kahawa la Selestina, pale Nyamiaga, asubuhi ile ni hawa: Bartholomayo, aliyeitwa Hakimu kwa sababu aliwahi kukaa kwenye baraza la kata kabla ya kutolewa, Mashimba, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, jina lake la kijiweni Zizi, Selestina mwenyewe na birika lake, na Evaristi, ambaye zamani wote walimwita kwa heshima Mwenye Mji, na tangu ahame kwake akawa Mpangaji. Alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo bati la nyumba yake lilionekana ng'ambo ya migomba. Katika nyumba hiyo alimwacha mkewe, Ernesta, ambaye watu humwita Mama Novatus, na mama yake mzazi, Nyirabahizi.

— Mpangaji, umeamkaje? Panya wa mashineni hawajambo? — alianza Zizi.

— Tumeamka.

— Kwani utakaa huko mpaka lini? — aliuliza Hakimu.

— Mpaka nifuatwe.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Mila ya huko inajulikana: mke akiudhika hurudi kwa wazazi wake, na mume humfuata na pombe ya ndizi, akaomba radhi, wakarudi pamoja. Evaristi aliondoka kwa njia hiyo hiyo, akasahau kwamba haikuwekwa kwa ajili ya mwanamume.

— Anayefuatwa ni mke, — alisema Hakimu. — Wewe utafuatwa na nani? Ernesta aje akuombe kwa mwenye mashine?

— Mama yupo. Yeye ndiye mkubwa wa mji. Atatuma mtu.

— Hapo una hoja. Mama akituma mtu, Ernesta lazima apike mitungi miwili ya pombe. Mmoja wako, mmoja wa baraza.

— Wa baraza maana yake wako, — Selestina alimkatiza.

— Mimi nasema fungulieni ng'ombe, — Zizi alidakia. — Si anao wawili? Wakija mashineni, nyumba ni yake. Wakibaki kwa Ernesta, basi na yeye ni wa Ernesta, afungwe kamba arudishwe.

— Na mmoja akija, mmoja akabaki? — aliuliza Hakimu.

— Wamgawane!

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Evaristi alicheka nao kidogo, macho kwenye njia ya migombani. Kila aliyetokea huko alimfanya aweke sawa kola ya koti.

— Lakini alikufukuza? — Selestina aliuliza kwa sauti ya chini.

— Nani anifukuze? Nilijitoa kwa hekima.

Ukweli hakuwahi kuutamka. Alisema "nitahama" akingoja kushikwa mkono. Ernesta aliingia chumbani, akatoka na blanketi alilolikunja vizuri, akampa. Mama yake, aliyekuwa kitandani anakohoa, alimtazama akipita na blanketi lake kwapani. Tangu hapo Evaristi hakuthubutu kwenda hata kumjulia hali. Angeanzia wapi?

Hakimu alikuwa akieleza kwamba mume asiyefuatwa huhesabiwa mjane, aingizwe kwenye kikundi cha wajane kanisani na apewe kitenge, alipotokea mwanamke kijana akihema. Alikuwa Kaneza wa Bugarama, aliyeolewa juzi tu na jirani wa Ernesta. Pale benchini hakumjua mtu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimetumwa na Mama Novatus.

Zizi alijipiga paja.

— Mpangaji! Umefuatwa!

— Na pombe iko wapi? — Hakimu alidai. — Mtu hafuatwi kwa mikono mitupu.

Evaristi aliweka sawa kola ya koti. Alikunja nne, akatazama pembeni, kama mtu asiyekusudia kunyanyuka akiombwa mara ya kwanza.

Kaneza hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Mtoto wa Nyirabahizi ni yupi hapa?

Wote walimjua. Hakuna aliyemwonyesha. Evaristi aliteremsha mguu aliokuwa ameukunja. Akabaki anatazama viatu vyake. Selestina aliweka birika chini.

— Nyirabahizi ana nini, binti?

— Amefariki.