Shangazi Mistari, Mchoraji Aliyevuka Ng'ambo

Marehemu shangazi yetu, ambaye ukoo mzima ulimwita Shangazi Mistari, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1941, mtoto wa nne wa baba fundi cherehani na mama dobi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, ambako hesabu zilimpiga chenga. Mwaka 1963 alipata nafasi katika chuo cha sanaa ng'ambo. Aliaga akicheka, machozi akayazuia hadi ndani ya treni ya kwenda bandarini.

Huko mchana alishona mapazia kiwandani, jioni akachora juu ya mabaki ya vitambaa. Hakuchora nyuso wala miti. Alichora mistari na miraba, na nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba amesoma mpaka akasahau kuchora.

Mwaka 1970, siku ya maonyesho yake ya kwanza, fundi wa fremu alitundika picha yake kichwa chini miguu juu. Shangazi akaitungua, akamfuata nayo karakanani, mori umempanda.

"Samahani, dada," fundi akasema kwa upole, "kwani juu ni wapi?"

Shangazi akaitazama picha, akaangua kicheko. Alikwenda kugomba, akarudi na mchumba. Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1971, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 1982 jumba la makumbusho lilitundika picha yake kubwa: michirizi ya njano juu ya weupe mtupu. Akamleta mama yake kutoka nyumbani kuiona. Bibi aliikagua kutoka pembe hadi pembe.

"We mtoto," akasema mwishowe, "si mimi huyu, naanika mashuka?"

Walikumbatiana, wakalia na kucheka mpaka mlinzi akawaletea viti.

Mwaka 2019 mikono ilianza kumtetemeka. "Sasa brashi inacheza yenyewe, mimi naifuata tu," alisema, akaendelea na kazi. Asubuhi ya tarehe 9 Machi 2024 alimwonyesha binti yake turubai: "Kijani hicho kimelala, mwanangu. Kiamshe." Binti akaongeza njano kidogo. "Haya, sasa kinapumua," akasema, akasinzia kitini, wala hakuamka tena.

Ameacha mume, binti, mkwe, kaka mmoja, sisi watoto wa kaka zake, na wajukuu wawili. Mdogo wao huchora ukutani, na kwa amri ya bibi yake hakuna ruhusa ya kumgombeza.

Mungu ampe pumziko lenye amani, na ukuta mpana. Amina.