Maneno Kumi na Mawili Yaliyonishinda Kusoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana haya ninayowaandikia kwa mkono wa mjukuu wangu si madogo.

Mnanijua. Mimi ni yule bibi wa kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Soni, wa benchi la mbele, kitabu cha nyimbo wazi mkononi ili kila mtu aone. Miaka yote nimewaambia nilimaliza darasa la saba. Nitarudi hapo.

Marehemu mume wangu amelala katika shamba ambalo shemeji yangu aliliuza bila hata kuniuliza. Tangu hapo nimekuwa nikienda kaburini kwa kuomba ruhusa, kama mgeni! Mwaka huu mwenye shamba akasema anauza. Tumpe fedha kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo kuna tajiri anataka kulima kabichi. Kabichi juu ya mume wangu!

Mjukuu wangu Eliwaza huchora picha kwenye kompyuta kwa ajili ya watu wa nje. Hawamlipi shilingi. Wanamlipa tokeni, fedha za mtandaoni zisizoshikika. Na tokeni hizo, ndugu zangu, zina mabonde yake, wenyewe wanayaita blokcheni. Zake zilikuwa bonde hili, na mnunuzi wa kumpa shilingi anapokelea bonde lile. Ukizirusha ovyo zinapotea, na hakuna wa kumlilia. Lazima zipite kwenye daraja.

Nikamuuliza, "Liko wapi hilo daraja?"

"Haliko mahali popote, Bibi. Ni programu ya mtandaoni tu."

Nilishtuka! Daraja lisilo na mahali ndilo la kumwokoa babu yako?

Nikamwambia avushe kama tunavyovuka gogo la mtoni wakati wa mvua: kikapu kimoja kwanza, gunia baadaye. Akacheka, akasema hata wajuzi wenyewe hufundisha hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi akavusha kidogo. Zikatoka huku. Kule hazikuonekana!

Mtoto akapauka. Akaandika kwenye kundi la simu la watumiaji wa daraja hilo kwamba tokeni zake zimekwama darajani. Mtu asiyemjua akajibu kwamba yeye ni fundi wa daraja hilo, aachiwe namba. Simu ya Eliwaza ilikuwa inazima na umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, basi akamwachia namba yangu, akakimbia Soni kuichaji.

Sasa sikilizeni. Tokeni zote za Eliwaza, za bonde hili na lile, zinafunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Aliyaandika kwenye karatasi, nami nikaificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Alikuwa ameniambia, "Bibi, usimtajie mtu yeyote." Nikamjibu, "Mimi unaniona mtoto?"

Simu ikalia. "Shikamoo, Bibi! Mimi ndiye fundi, Eliwaza amenituma. Nisomee yale maneno kumi na mawili nisukume mzigo ufike." Sauti laini kama siagi. Na mimi kwa kiburi changu, badala ya kumwambia sijui Kiingereza, nikavaa miwani!

"Ka-ke," nikasoma.

"Neno gani, Bibi?"

"Kake! La pili, ju-i-ke."

"Hebu nitajie herufi moja moja."

"Herufi za nini? Nakusomea kama lilivyoandikwa! La tatu, na-me. La nne, k-ni-fe."

Hapo siagi ikayeyuka. Akafoka, "We kikongwe, kumbe hujui kusoma! Mpe simu mtu mwenye akili!"

Ndugu zangu! Mtu aliyeniamkia shikamoo sasa hivi! Nilimjibu kwa Kishambaa maneno ambayo siwezi kuyatia katika ushuhuda, nikakata simu. Nikakaa kitini nimevimba kwa hasira, sijui kama nimetoka kwenye mdomo wa chui.

Eliwaza aliporudi nikamshtakia: fundi wako hana adabu. Akauliza, "Alitaka nini?" Nikamwambia. Mtoto alianguka chini kama aliyepigwa na radi. "Bibi! Fundi wa kweli haulizi yale maneno! Umemsomea yote?" Nilipomwambia manne, tena nimeyasoma kama Kiswahili, alilia na kucheka pamoja. Maneno manane tu yalibaki kati ya mume wangu na kabichi!

Akafungua pochi mpya ya tokeni ndani ya simu, yenye maneno mapya, akahamishia kila kitu humo, na mimi nimepiga magoti sakafuni. Na kile kikapu cha kwanza? Kilikuwa ng'ambo tangu asubuhi! Daraja lile halikuletei mzigo mlangoni. Unakwenda upande wa pili unabonyeza "pokea". Hakuna kilichokuwa kimekwama. Tuliogopa tu, na hofu ndiyo iliyomwita mwizi.

Akavusha kidogo tena, akapokea, akahakikisha. Ndipo akavusha gunia, na mnunuzi akampa shilingi. Ijumaa mchana tulikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji tunatia saini mkataba wa kununua shamba.

Sasa narudi kwenye lile darasa la saba. Niliwadanganya. Niliishia la tatu. Kile kitabu cha nyimbo huwa nakifungua popote, naimba ya kichwani. Niliona aibu hiyo miaka sitini, na Mungu akaichukua aibu hiyohiyo akaifanya kufuli! Ni nani kama yeye?

Nawaomba, ndugu zangu: mlio na jambo la aibu, mpeni yeye. Na yale maneno yenu ya siri msimpe mtu, hata akiwaamkia vizuri namna gani.

Jumanne simu imelia tena. "Shikamoo, Bibi, nisomee..." Zamani ningevaa miwani. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Sijui kusoma." Nikakata, nikachukua jembe, nikaenda kupalilia kaburi la mume wangu bila kuomba ruhusa ya mtu. Jina la Bwana libarikiwe!